Manesi Wagome au Wasigome? Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Hapa Nakuru

Mimi ni muuguzi. Nilianza kazi katika kituo kidogo cha afya upande wa bonde la Kano, si mbali na Ahero, kisha nikahamishiwa Nakuru mwanzoni mwa 2013. Kila tetesi za mgomo zinapoanza, maswali hunifuata: kwenye matatu ya kwenda Kaptembwo, kanisani, kwa muuza mboga, na zaidi kutoka kwa vijana waliotoka chuo cha uuguzi juzi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Siandiki kwa niaba ya muungano wala ya kaunti yoyote.

Kwa hiyo, manesi wagome au wasigome?

Wagome, ikiwa makubaliano yaliyotiwa sahihi yamevunjwa, barua zimeandikwa na hakuna aliyejibu. Ila wanapogoma, mlango wa leba usifungwe. Wala wa kasualti, wala wa chumba cha watoto njiti, wala wa upasuaji wa dharura.

Kuna wenzangu ambao hawapendi sehemu ya pili ya jibu hilo. Wanasema mgomo wenye mlango wazi si mgomo. Ninawaelewa, na nitaeleza huko chini kwa nini sikubaliani nao. Mgomo ni wa kumbana mwajiri, na mama anayevuja damu si mwajiri wangu.

Sheria inaruhusu nesi kugoma?

Inaruhusu kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mwingine. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Hakikusema isipokuwa nesi. Kisha kuna Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inayoweka utaratibu: mzozo upitie usuluhishi kwanza, na ukishindikana, ilani ya maandishi ya siku 7 ipelekwe kwa mwajiri na kwa waziri anayehusika na kazi. Lakini sheria hiyohiyo imeorodhesha huduma za hospitali miongoni mwa huduma muhimu, na katika huduma muhimu mgomo umekatazwa. Mzozo wa huduma hizo unaweza kupelekwa mahakamani ukaamuliwe huko.

Ndiyo maana ilani ya mgomo ikitoka leo, kesho asubuhi mawakili wa mwajiri wako kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Amri inatolewa ya kusimamisha mgomo, pande zote zinaambiwa zikazungumze. Hapo ndipo ninapokwazika. Amri ikishatolewa, mwajiri hupumua. Wagonjwa wanahudumiwa, magazeti yamenyamaza, na mazungumzo yanageuka kuwa mikutano ya chai. Nchi ikimkataza nesi kugoma, basi imfungulie mlango mwingine unaofunguka kweli: uamuzi wa haraka, wenye tarehe, unaomfunga mwajiri sawasawa na unavyomfunga nesi. Mlango huo sijauona ukifunguka kwa wakati.

Anayepuuza amri ya mahakama ajue hatari yake. Februari 2017, viongozi saba wa muungano wa madaktari walipelekwa jela kwa kudharau mahakama. Hawakukaa muda mrefu, lakini walikwenda.

Mnagomea nini hasa? Si mna mshahara?

Mshahara upo kwenye karatasi. Tangu afya ilipogatuliwa mwaka 2013, nesi analipwa na kaunti, na kaunti inasubiri pesa kutoka Hazina ya Kitaifa. Pesa zikichelewa Nairobi, nesi anachelewa kulipa kodi ya nyumba Kitale, Bungoma, Siaya, popote. Wakati mwingine makato yamekatwa kwenye pesilipu lakini hayakufika yanakotakiwa. Mwenzangu mmoja, wa kaunti nyingine, alipigiwa simu na sacco akiwa wodini kwamba mkopo wake haujalipwa kwa miezi minne. Pesilipu yake ilionyesha kila mwezi umekatwa. Aliongea na simu huku anachanganya dawa.

Kuna kupandishwa cheo. Wapo wauguzi waliokaa kwenye daraja moja hadi wanafunzi waliowafundisha wodini wakawapita. Zamani ukikwama mahali uliomba uhamisho kwa wizara, ukaenda Machakos au Kakamega. Siku hizi kuvuka kutoka kaunti moja hadi nyingine ni safari ya barua inayoweza kuchukua miaka, kwa sababu waajiri ni 47. Mimi nilihamia Nakuru miezi michache tu kabla mambo hayajabadilika, na huwa nashukuru.

Kuna marupurupu yaliyokubaliwa na kutiwa sahihi, halafu yakalipwa huku na kukaliwa kule.

Na kuna idadi yetu. Hii ndiyo mgonjwa haioni. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaja kiwango cha chini cha madaktari, wauguzi na wakunga 23 kwa kila watu 10,000. Baadaye likakadiria kwamba kufikia malengo ya afya tuliyojiwekea kunahitaji 44.5. Namba hizo ni za vitabuni, kwa hiyo nitakueleza usiku mmoja tu, kwenye kituo ambacho sitakitaja.

Niliingia zamu saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwenye ratiba tulikuwa wawili. Saa tatu mwenzangu akaitwa kasualti, kulikuwa na ajali ya barabarani, hakurudi mpaka asubuhi. Nikabaki na wanawake kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa kwenye uchungu. Mashine ya kupima presha ilikuwa moja na tulikuwa tukiigawana na wodi ya pili. Saa saba usiku umeme ukapotea. Jenereta haikuwa na dizeli. Nikaibana simu yangu kwenye kola ya sare, tochi ikiangalia mbele, nikaendelea. Ndani ya boksi la glavu zilibaki jozi tatu.

Mama wa kitanda cha nne alikuwa amejifungua na damu haikuwa inakata. Nilikuwa na mkono wangu juu ya tumbo lake, nakanda mji wa mimba ubane, wakati yule wa kitanda cha sita alipopiga kelele kwamba mtoto anatoka. Alikuwa amesindikizwa na shangazi yake, mama mtu mzima aliyelala sakafuni kando ya kitanda. Nikamwita: “Mama, nawa mikono hapo haraka. Shika kichwa cha mtoto, usimvute, mpokee tu. Ukishampokea mweke kifuani kwa mamake umfunike na leso yako.” Akanawa. Akampokea. Mtoto akalia, na mimi nikalia pia, mkono bado uko tumboni kwa yule mwingine.

Wote wanne walitoka salama usiku ule. Asubuhi niliandikiwa barua ya kujieleza kwa nini karatasi ya kufuatilia uchungu, ile inayotakiwa kujazwa mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, ilikuwa tupu kuanzia saa saba hadi saa kumi.

Hilo ndilo tunaloligomea. Pesa zimo ndani yake, lakini ukimpa nesi yule nyongeza na ukamwacha peke yake na wanawake kumi na mmoja, bado atagoma, au ataondoka.

Lakini wagonjwa watakufa. Hilo hulioni?

Ninaliona. Sitamjibu mtu yeyote kwamba ni propaganda ya serikali.

Mwaka 2017, mgomo ukiwa umeingia mwezi wa tatu, mlango wangu uligongwa usiku. Alikuwa jirani yetu, mwanamume kijana, ameshika kofia mkononi. “Sista, samahani. Ni mama watoto. Amepata mtoto lakini hayuko sawa.” Alikuwa amejifungulia nyumbani kwa msaada wa mama mkwe wake. Hospitali za umma zilikuwa hazina watu, na ya binafsi iliyo karibu iliomba amana ambayo hawakuwa nayo.

Nilikuta mtoto amefungwa vizuri, kitovu kimekatwa na wembe mpya. Lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka lote, na godoro lilikuwa limelowa. Sikuwa na oksitosini, ile dawa ya kubana mji wa mimba, sikuwa na drip, sikuwa na kitu ila mikono yangu na glavu mbili za kupakia rangi nywele. Nilimkanda tumbo, nikamwambia amnyonyeshe mtoto mara moja maana kunyonyesha husaidia mji wa mimba kubana. Majirani wakatafuta probox. Wengine wakaanza kutuma M-Pesa, mia mbili, mia tatu, hamsini. Tulifika, akaongezwa damu, akapona. Mtoto huyo yuko shule sasa.

Nilikuwa mgomoni siku ile. Nilikuwa na sababu zote nilizokuambia hapo juu na bado ninazo. Lakini nilipokuwa ndani ya ile probox, magoti yangu sakafuni ya gari, sikuweza kumtazama mumewe usoni. Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye mkutano wetu nikasimama, nikasema tuandike ratiba ya zamu ya dharura, watu wachache kwa zamu, leba na kasualti tu, bila kulipwa. Mtu mmoja nyuma aliniita msaliti. Wengine walinyamaza. Wawili walinifuata nje wakasema wataandika majina.

Kwa hiyo anayesema mgomo hauui, amuulize mama mkwe aliyekata kitovu kwa wembe. Na anayesema ni mgomo pekee unaoua, arudi juu asome tena kuhusu jozi tatu za glavu. Usiku ule hapakuwa na mgomo.

Kwa nini mgomo wa 2017 ulichukua miezi mitano?

Ulianza tarehe 5 Juni 2017 na ukaisha tarehe 2 Novemba. Siku 150 hivi. Chanzo kilikuwa mkataba wa pamoja, ule watu huuita CBA, uliokuwa umejadiliwa na haukutiwa sahihi. Muungano wa wauguzi, KNUN, ulisema mazungumzo yamekamilika. Tume ya Mishahara na Marupurupu ikasema haikukubaliana na viwango. Magavana wakasema hawana pesa. Kila mlango ulituelekeza kwa mlango wa jirani.

Ukumbuke pia nchi yenyewe ilikuwaje. Madaktari walikuwa wamerudi kazini Machi baada ya siku 100 za mgomo wao. Tarehe 8 Agosti kulikuwa na uchaguzi mkuu, tarehe 26 Oktoba tukarudia wa urais. Magavana waliokuwa ofisini walikuwa mashinani wakiomba kura, na waliochaguliwa wapya walisema wamekuta deni si lao. Mgomo wetu uliisha wiki moja baada ya kura ya marudio, makubaliano ya kurudi kazini yalipotiwa sahihi.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa magazetini. Mimi nina sababu nyingine ninayoiona kubwa zaidi. Mgomo wa makondakta unaumiza kila mtu siku hiyohiyo, waziri akikwama barabarani kama mimi. Mgomo wa nesi wa hospitali ya umma haumgusi mwenye uwezo wa kuumaliza. Mkewe hajifungulii wodi yetu. Babake hachukui dawa za presha kwenye dirisha letu. Bima yake inampeleka hospitali ya binafsi yenye vigae. Anayeumia ni mtu wa mitaa ya kipato cha chini, wa Rhonda, wa Nyalenda, wa Kipkaren, na sauti yake haifiki mbali. Ndiyo maana mgomo unaweza kukaa miezi mitano na ofisi za juu zikaendelea na kazi. Tunamfinya mtu ambaye hana ufunguo, ili apige kelele, tukitumaini mwenye ufunguo atasikia.

Hili ndilo lililonibadilisha mawazo kuhusu namna ya kugoma. Kufunga leba hakumbani gavana hata kidogo.

Baada ya kutia sahihi 2017, mbona mligoma tena?

Kwa sababu kaunti kadhaa hazikulipa kilichokubaliwa. Februari 2019 wauguzi wa kaunti hizo walitoka tena. Desemba 2020, Korona ikiwa imepamba moto, wauguzi na matabibu walitoka wakidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na marupurupu ya hatari. Nimeona wenzangu wakishona barakoa kwa kitambaa cha shuka. Ahadi ni deni, na deni la 2017 lililipwa nusunusu.

Nesi hakuapa? Si kazi ya wito?

Tuliapa, tukiwa na mishumaa mikononi, na wengi wetu tulilia siku ile. Lakini kiapo kilikuwa cha kumhudumia mgonjwa. Hakikuwa cha kumsamehe mwajiri anayemnyima mgonjwa glavu. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lenyewe linakubali kwamba muuguzi anaweza kushiriki mgomo na akabaki muuguzi mwema, mradi huduma za lazima zisikatizwe. Msimamo huo ni wangu pia.

Neno “wito” lina tabia ya kutolewa mwisho wa mwezi. Wenye nyumba hawalipokei.

Mimi ni nesi wa mkataba. Nikigoma nitafukuzwa?

Uko kwenye hatari kuliko mimi wa kudumu, nisikudanganye. Mwajiri hahitaji kukufukuza. Anaacha tu mkataba uishe. Walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote wamelijua hilo vizuri. Miaka imepita wakihesabu mkataba juu ya mkataba, wakifanya kazi ileile tunayofanya kwa malipo ya chini, na mwaka 2025 walipiga kambi Nairobi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, wakidai ajira ya kudumu.

Ushauri wangu ni huu: jiunge na muungano, weka nakala ya mkataba wako na kila pesilipu nyumbani, si kwenye kabati la wodi. Na sisi wa kudumu tusiwapange vijana wa mkataba mbele ya maandamano halafu sisi tusimame nyuma chini ya mti. Nimeliona hilo likifanyika na lilinitia aibu.

Mshahara hukatwa ukiwa mgomoni?

Ndiyo, unaweza kukatwa. Hata mgomo uliofuata utaratibu wote, mwajiri halazimiki kukulipa siku ambazo hukufanya kazi. Mgomo usiofuata utaratibu ni mbaya zaidi, kwa sababu unahesabiwa kwamba umevunja mkataba na unaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu. Mara nyingi makubaliano ya kurudi kazini huwa na kipengele kwamba hakuna atakayeadhibiwa, lakini kipengele ni cha mwisho wa mgomo. Kodi ya nyumba ni ya kila mwezi.

Mwaka ule wa miezi mitano nilikula akiba yote. Nilikuza sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya nyumba na nikauza maandazi asubuhi. Mwanangu alikaa nyumbani wiki tatu za muhula wa tatu kwa sababu ya karo. Anayekwambia manesi hugoma kwa sababu ya uvivu hajawahi kumaliza Oktoba hivyo.

Hakuna njia nyingine badala ya kugoma?

Zipo, na tumezitumia vibaya.

Ya kwanza ni bajeti. Serikali ya kaunti inatakiwa kupeleka mpango wake wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Kati ya hapo lazima wananchi waitwe kutoa maoni. Sasa angalia tarehe ya mgomo wetu wa 2017: 5 Juni. Wakati tunatoka na matawi ya miti barabarani, namba zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Nimehudhuria vikao hivyo vya maoni. Wenye barabara wamejaa, wenye soko wamejaa, vijana wa bodaboda wamekuja na mwenyekiti wao. Manesi hatupo, tuko zamu, au tumelala baada ya zamu. Mwakilishi wadi anaandika barabara kwa sababu ndiyo aliyosikia. Ningependa kila tawi la muungano lipeleke watu kumi kwenye kikao cha Machi, na orodha mkononi: wodi hii ina vitanda hivi, usiku ina nesi huyu mmoja. Ilani ya mgomo ikibidi itoke, itoke mwezi huo, kabla daftari halijafungwa.

Ya pili ni wazo ambalo vijana hulipenda: tuendelee kutibu lakini tusijaze madai ya SHA, bima ya afya ya umma, kaunti ikose pesa. Nililipenda pia mwanzoni. Mgonjwa anatibiwa, mkubwa anaumia. Lakini kwa sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo, pesa inazokusanya hospitali zinatakiwa kubaki hospitalini, na ndizo zinazonunua glavu na dizeli ya jenereta. Tungekuwa tunajikata wenyewe. Isitoshe, kukataa sehemu ya kazi kwa pamoja kunaweza kuhesabiwa mgomo vilevile, kwa hiyo wakili wa muungano aulizwe kwanza. Siku hizi siliungi mkono.

Ya tatu ni mgomo wa hatua. Tunaanza kwa kukataa kazi zisizo zetu, maana nesi hukusanya karatasi, husukuma mitungi ya oksijeni, hufanya kazi ya karani na ya mtunza stoo. Kisha kliniki za mchana zinazoweza kuahirishwa, upasuaji usio wa haraka, mikutano, warsha, ripoti za mwezi. Ofisi za afya za kaunti huishi kwa ripoti. Zikikosa namba za kupeleka juu miezi miwili, simu zinaanza kulia. Chanjo za watoto na dawa za kifua kikuu zisiguswe hata kwa hatua ya mwisho.

Mgonjwa afanye nini mgomo ukitangazwa?

Usisubiri siku ya kwanza. Ilani ni ya siku 7, zitumie. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, za kifua kikuu, za presha, za kisukari au za kifafa aende kliniki siku hizo aombe dawa za miezi miwili au mitatu. Mwambie sista ukweli kwamba unaogopa mgomo. Sisi wenyewe tunaogopa, tutakuelewa.

Mjamzito wa miezi ya mwisho apange usafiri na pesa mapema, na aulize ni hospitali gani ya misheni au ya binafsi iliyo karibu inayokubali kadi yake ya SHA. Kile kitabu cha mama na mtoto kikae kwenye mkoba, kisikae juu ya kabati. Na hizi dalili hazisubiri mazungumzo ya mtu yeyote: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, maji kuvunjika mapema, mtoto kuacha kucheza tumboni, homa kali baada ya kujifungua. Ukiona moja ondoka nyumbani, usiku au mchana.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakikutofautisha hospitali ya umma na ya binafsi. Ukiambiwa amana kwanza na mtu anavuja damu, kitaje hicho kifungu kwa sauti, mbele ya watu. Nimeona kikifungua lango.

Kwa nini msiende tu Uingereza?

Wengi wamekwenda. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wauguzi huko, na wengine hujipeleka wenyewe, Marekani, Saudia, Ireland. Siwalaumu. Kila anapoondoka mmoja, zamu ya usiku inabaki na mmoja. Mimi mamangu ni mzee na wodi yangu naipenda. Sina jibu refu zaidi ya hilo.

Wakiita mgomo kesho, wewe utatoka?

Nitatoka. Nitavaa sare yangu nyeupe, nitatembea na wenzangu hadi lango la ofisi za kaunti, nitaimba mpaka sauti ipotee.

Lakini kabla ya hapo nitakwenda kwenye mkutano wa tawi na karatasi yenye mistari, kama ile ya 2017. Safu ya kwanza leba, ya pili kasualti, ya tatu watoto njiti. Wauguzi wawili kila zamu ya usiku, si mmoja. Zamu ya kwanza ya leba nimeshaandika jina langu. Ninatafuta wa pili.